Kuku wa Lumakanda na Mashine ya Kukaza Ngozi

Kwa miaka sita nimewaambia watu kwamba shingo yangu hainishughulishi. Nimewahi hata kuandika makala nzima kuwacheka wanawake wa rika langu wanaopambana na kioo, na wasomaji wakanisifu kwa ujasiri wangu. Ulikuwa uongo. Nina shali ya kila rangi, pamoja na mbili za msimu wa joto, na katika kila picha yangu iliyochapishwa utaniona nimeshika kidevu kama mtu anayewaza. Siwazi. Nashikilia.

Naanza na hilo kwa sababu bila shingo hiyo nisingekosea nilivyokosea. Kwa nje safari yenyewe ilikuwa ya dada yangu mdogo, Khasandi. Serikali humwita afisa wa kliniki, wagonjwa humwita daktari, nami namwita kwa jina lake anaponiudhi. Ana kliniki ya ngozi mjini Kakamega, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na mbolea. Wateja wake si matajiri. Ni walimu, wauguzi, wajane, na akina mama waliokonda kwa ugonjwa wa sukari mpaka ngozi ya uso ikabaki kubwa kuliko uso wenyewe. Hao wa mwisho ndio waliomfanya atafute mashine.

Mashine hizi hutumia mawimbi ya redio kupasha ngozi joto kwa ndani ili nyuzi zake zijikaze. Nilipomweleza shangazi yetu, aliuliza kama ni redio ile ile inayotangaza vifo. Nikamwambia ni jamaa yake. Mwaka jana Khasandi aliazima moja kutoka kwa mtu anayemfahamu, akamchoma nayo mwalimu mmoja wa shule ya msingi chini ya taya. Alama ilibaki, ukubwa wa kifungo cha shati. Mwalimu hakupiga kelele wala hakwenda polisi. Alianza tu kupita upande wa pili wa barabara. Khasandi aliifunika ile mashine kwa leso, akaipeleka pembeni, na kwa miezi mingi ilisimama pale kama jamaa aliyefiwa ambaye hakuna anayejua la kumwambia.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, mvua ya saa nane ikiwa imeshaanza kupiga bati, aliniita kliniki.

"Nataka mashine mpya, ya ngozi iliyoregea," alisema.

"Iliyolegea," nikasema. "L. Kulegea."

"Si ndio hivyo nimesema, Prof."

"Umesema r."

"Ngozi yenyewe imesikia," akajibu.

Mimi si profesa. Nilisoma Kiswahili chuo kikuu, nikakaa Nairobi miaka ishirini na tatu nikisahihisha miswada ya watu wengine, kisha nikarudi nyumbani na ulimi ulionyooka na shingo iliyokunjamana. Kwetu l na r ni ndugu wa tumbo moja. Hubadilishana nguo na hakuna anayelalamika isipokuwa mimi.

Khasandi alikuwa amebakiza mashine mbili: moja mpya kwa muuzaji wa Kisumu, nyingine iliyotumika kwa daktari mmoja wa Eldoret anayehama nchi. Daktari huyo alitaka jibu kabla ya saa sita mchana Jumatatu. Nikamuuliza kwa nini haendi mwenyewe.

"Kwa sababu nikiiona nitaitaka, na nikiitaka nitajidanganya," alisema. Mkono wake ulikuwa juu ya ile leso. "Wewe unaulizanga mtu maswali mpaka anachoka anasema ukweli. Nenda uulize. Lakini sikia, Prof: nikichoma mtu mmoja tena, nafunga huu mlango. Narudi wodi, na sigusi uso wa mtu mpaka nistaafu."

Alisema hivyo bila machozi, na hilo lilinitisha zaidi. Nikamwambia nitakwenda kwa ajili yake. Nilikuwa na shali ya kijivu siku hiyo.

Jumatano asubuhi niliondoka Kakamega na gari langu kuukuu, ambalo kipasha joto chake kilikwama wazi tangu mwaka juzi. Nikapita Chavakali na Mbale nikitoka jasho katikati ya manyunyu, miamba ya Maragoli ikiwa imesimama kando kama watu waliokuja matanga mapema. Baada ya hapo barabara huteremka, joto hupanda, na ziwa hujitokeza mbele likiwa na rangi ya bati. Siku hiyo halikung'aa hata kidogo.

Duka la Kisumu lilikuwa kwenye jengo la ofisi, kati ya wakili na mtengeneza meno bandia. Muuzaji, Bi Atieno, alikuwa mwanamke mpana wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusoma barua zote mbaya. Alinikalisha kwenye kiti, akanipaka jeli mkononi, akawasha mashine. Ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye kishikio kama kichwa cha bomba la bafu. Kwenye kioo chake tarakimu za joto zilipanda polepole: thelathini na nane, arobaini, arobaini na moja. Ilipofika hapo ikajipunguza yenyewe.

"Hiyo ndiyo kazi yake kubwa," alisema. "Inajua kunyamaza."

"Na inakaza?"

"Inakaza kidogo. Vipindi sita, halafu mgonjwa arudi kila baada ya miezi fulani. Mkikosa kumrudisha, inakwisha."

"Kidogo kiasi gani?"

Alinitazama, akatazama shali yangu, akatazama tena uso wangu. "Dada, mtu akija na shingo ya miaka hamsini na mbili, ataondoka na shingo ya miaka hamsini. Baadaye miaka itamkuta tena. Sikudanganyi, nitakuwa hapa wewe ukirudi na hasira."

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili kamili. Nilimchukia papo hapo.

Akaendelea huku akinifuta jeli, bila kujua au bila kujali. "Ukienda kuona zile kubwa, uliza swali moja tu: joto linafika wapi, na nani analipima? Chini ya ngozi ya uso kuna mafuta. Hayo ndiyo yanaishikilia. Ukiyayeyusha hayarudi. Ngozi inabaki kama foronya iliyotolewa mto."

Niliandika daftarini: *foronya bila mto*. Niliipenda tamathali yenyewe kuliko onyo lake. Hilo ni gonjwa la kazi yangu. Kisha nikaandika: *Kisumu: salama, dhaifu, haina matumaini.* Nikijisoma leo, naona kwamba neno la mwisho halikuhusu mashine.

Alhamisi nilishika njia ya kaskazini. Malava, Kaburengwa, Webuye. Malori ya miwa yalikuwa yamedondosha mabua barabarani na mvua ikayaponda kuwa uji wa kahawia. Baada ya Turbo hewa ikabadilika, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili kipasha joto changu kikawa na maana.

Daktari wa Eldoret alikuwa na kliniki yenye zulia. Mtu mrefu, mpole, wa kunukia vizuri, mwenye tabia ya kugusa kifua chake anapozungumza kana kwamba ukweli umehifadhiwa hapo. Mashine yake ilikuwa na urefu wa friji. Mgonjwa hulazwa juu ya bamba la chuma ili mkondo upite ndani kwa ndani, naye daktari hupitisha kishikio usoni.

"Hii haichezi na ngozi ya juu," alisema. "Inazama. Inaingia mpaka kwenye mafuta. Kipindi kimoja, Madam. Kimoja tu."

Nilikumbuka swali la Bi Atieno na, nisijidhulumu, niliuliza. "Na joto linapimwa na nani?"

"Na mimi," alisema, akagusa kifua. "Mgonjwa akisema moto, natoa mkono. Hakuna kipimajoto kinachomshinda mgonjwa mwenyewe."

Jibu hilo lilinikaa vibaya. Yule mwalimu wa Kakamega hakusema moto. Wanawake wetu wamefundishwa kutosema moto. Wanajifungua kimya, wanazika kimya, na ukiwauliza kama inauma wanasema inavumilika. Nikakunja daftari, nikawa karibu kuaga. Hapo daktari akainama, akatazama upande wa taya yangu kwa makini, kama fundi anayetazama mlango uliopinda kidogo.

"Kwako wewe," alisema taratibu, "kazi ni ndogo sana."

Nikafungua daftari tena.

Nilimwomba mgonjwa ambaye ningeweza kuzungumza naye. Alifikiri, akanipa jina la mama mmoja wa Lumakanda, huko Lugari, aliyeletwa na bintiye kabla ya harusi ya binti huyo. "Mama Rebeka," alisema. "Mwanamke mpole ajabu. Tangu siku ile hajawahi kunisumbua hata na simu."

Nikaliona hilo kuwa sifa njema.

Ijumaa saa nne asubuhi nilitoka kwenye lami karibu na Lumakanda, nikaliacha gari dukani kwa sababu ya matope, nikapanda bodaboda. Ile ni nchi ya mashamba makubwa ya wazungu wa zamani yaliyokatwa vipande kama mkate wa harusi. Mahindi yalikuwa ya magotini, yamesimama kwa mistari chini ya wingu lililoshuka mpaka kwenye nyaya za umeme. Niliuliza kwa Mama Rebeka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia akanyoosha jembe: "Kwa Lebeka? Pale penye dohani."

Lebeka. Nilitabasamu kwenye kola ya koti langu. Nilikuwa nimeshapata kosa la kusahihisha hata kabla ya kufika langoni.

Nyumba ilikuwa ya jiwe, ya mzungu fulani aliyekwenda zake zamani, dohani yake ingali imesimama na kuku wakilala kwenye kibaraza. Mama Rebeka alitoka akiwa amejifunika shali nyeusi ya sufu kuanzia masikioni mpaka kidevuni, imefungwa fundo zito. Macho ndiyo yaliyoonekana, na mdomo, na kipande cha pua.

"Kalibu," alisema. "Baridi ya huku, usijari."

"Shikamoo mama. Nimetoka kwa yule daktari wa Eldoret. Nimekuja kukuuliza kuhusu ile mashine."

Alisimama akinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani hakusikia. Kisha akasema, kama mtu anayetua mzigo, "Kwa hivyo mmekuja."

"Tumekuja," nikasema. Kwa adabu tu. Mtu akikuita wengi unakuwa wengi.

"Asante Yesu," akasema. Akageuka akamwita mkaza mwanawe ashike kuku.

Nilikataa mara mbili, inavyotakiwa. Mara ya tatu sikukataa. Yeyote aliyelelewa kwetu anajua maana ya ingokho, kuku wa mgeni. Mgeni wa kupita hupewa chai. Mgeni wa kuku ni mgeni aliyeleta jambo kubwa. Nikajiambia: mtu hachinjiwi kuku kwa lawama. Hii ni shukrani, na shukrani ni ushahidi.

Nilianza kuuliza kabla ya chakula. Alinyoosha kiganja.

"Kula kwanza. Mambo ya uso hayaongewangi na njaa."

Tukala obusuma, ugali wa kwetu, na kuku karibu na moto, yeye akipitisha tonge chini ya shali kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa, na karibu nayo msumari mtupu penye mraba mweupe wa picha iliyoondolewa. Nikauliza kuhusu harusi. Ilikuwa nzuri, alisema. Ya baraka. Picha kubwa ameifungia kabatini. Nikasema ni vizuri, picha huharibiwa na moshi. Akanitazama, akanisogezea paja la kuku.

Baada ya kunawa mikono nilitoa kalamu.

"Sasa mama. Baada ya daktari kumaliza, ilikuwaje?"

"Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Nilifula tu kidogo. Harusi ikapita sawa. Halafu mwezi wa pili, ngozi ikaregea."

Kalamu ilisimama. Lazima nieleze kilichonipata hapo, kwa sababu ni aibu ya msomi na wasio wasomi hawawezi kuipata. Katika vitabu vya zamani kuna neno *kuregea*, ambalo ni *kurejea*, kurudi. Nimelisahihisha katika miswada mara nyingi. Na sasa nilikuwa nimelisikia likitoka kinywani mwa mkulima wa Lugari, zima, kama sarafu ya kale iliyofukuliwa na jembe. Ngozi ilirejea. Ilikuwa imekwenda, ikarudi. Sijui kama nimewahi kusikia sentensi nzuri kama hiyo, na nilikuwa na shingo inayoisubiri.

"Ikarejea?" nikauliza, nikiitamka j kwa uangalifu.

Alisita. Kisha, kwa upole ule daktari aliousifu, akaukubali ulimi wa mgeni. "Eeh. Vile nyinyi wasomi mnasema."

"Kabisa?"

"Kabisa. Pande zote mbili."

Nikaandika. "Na watu wanasemaje?"

"Watasema nini? Kanisani wananitazama tu. Wengine wananiuliza nilifanyiwa nini." Alichochea moto. "Dada yangu alikuja kutoka Nakuru, akanipita kwa njia. Hakunijua."

"Hakukujua!" nikasema, na nadhani nilipiga kofi.

Mama Rebeka hakucheka. Nilidhani ni unyenyekevu. Tulikaa pale wanawake wawili wa makamo, kila mmoja na shali yake, na mimi, bingwa wa shali, ninayejua kila fundo na sababu yake, sikujiuliza kwa nini mwanamke aliyerudishiwa uso wake amekaa mbele ya moto amejifunika mpaka puani. Kumwomba afungue ingekuwa utovu wa adabu. Ukiwa umekwisha kula kuku wa mtu, humwambii avue. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya pili ni kwamba sikutaka kuona.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye safu ya mikaratusi, manyunyu yakitunyeshea. Aliniomba namba ya simu.

"Daktari ni mtu wa kazi nyingi," alisema. "Nirienda mara tatu nikaambiwa hayuko. Wewe angalau umekuja. Mtarudi?"

"Tutarudi, mama," nikasema, kama watu wote wanavyosema wakiaga.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa ya baridi sana.

Ijumaa hiyo hiyo jioni nilikuwa Kakamega, matope yamenifika magotini, na furaha ambayo sasa naionea haya. Nilimpa Khasandi daftari. Nilikuwa nimeandika safi, kwa Kiswahili cha kuchapishwa: *Mgonjwa wa Lumakanda: ngozi imerejea kabisa, pande zote mbili.* Alisoma mstari huo mara kadhaa, kidole chini ya kila neno.

"Alisema hivyo?"

"Kwa kinywa chake."

"Umeiona?"

"Nimemwona," nikasema.

Kiambishi kimoja tu. Khasandi ni mtu wa damu na jeli, si wa viambishi. Akapumua, na mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. "Kipimajoto nitatafuta cha kuongeza," alisema, akizungumza zaidi na nafsi yake. "Na huyo wa Kisumu?"

"Anauza kukata tamaa," nikajibu. Tukacheka.

Jumapili nzima mvua ilinyesha na mimi nikaandika toleo la kwanza la masimulizi haya. Niliyamalizia na somo, kwa kuwa msafiri anatakiwa arudi na somo. Niliandika kwamba tumefundishwa kuamini kwamba kilichokwenda hakirudi, lakini nimekutana na mama huko Lugari aliyenionyesha vingine. Nililitilia maanani neno lake la kale, nikaeleza asili yake kwa aya nzima. Nilijipongeza kwa sikio langu.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa kwenye kiti cha wagonjwa, bila shali. Khasandi alitaka picha ya "kabla". Tulikuwa tumekubaliana kwamba mimi nitakuwa wa kwanza, na nilikuwa nimekubali kwa haraka iliyomfanya anitazame kwa jicho la pembeni na kusema, "Kumbe." Ujumbe wa kumkubalia daktari wa Eldoret ulikuwa umeshaandikwa kwenye simu yake, umebaki kutumwa. Chini, watu wa duka la mbegu walikuwa wakipakua magunia, na kila gunia lilitingisha sakafu kidogo. Mwanga ulikuwa hafifu, Khasandi akanisogeza karibu na dirisha.

"Inua kidevu. Usishikilie, Prof. Achilia."

Nikaachilia. Akapiga picha moja. Simu yangu ikalia kwenye meza, namba nisiyoijua, naye akaibonyeza iongee kwa sauti kwa kuwa mimi nilikuwa nimeambiwa nisitikisike.

"Halo, madam. Ni Lebeka wa Lumakanda."

"Mama! Habari za huko?"

"Mvua tu. Nilikuwa nauliza, mtarudi rini?"

"Kurudi, mama?"

"Si ulisema mtarudi. Kutengeneza."

"Kutengeneza nini?"

Nilisikia jogoo upande wa kwake. "Ngozi," alisema. "Si nilikuambia imeregea? Na uliandika nikikuona."

Khasandi alishusha kamera. Aliisogelea simu na kuinama juu yake, kama anavyoinamia uso wa mgonjwa.

"Mama, hujambo. Mimi ni daktari wa Kakamega. Hiyo ngozi imeregea aje? Niambie pole pole."

"Imeanguka, daktari. Hapa kwa mashavu na hapa chini ya macho. Ndani hakuna kitu. Nikigusa ni kama kugusa gunia tupu. Siku ile ya mashine nirisikia moto, lakini nikaona nivumirie, harusi iko karibu."

Khasandi akanigeukia. Nilisubiri hasira, nami ningeipokea kama dawa. Badala yake alinitazama kwa huruma fulani ya uchovu, akaweka ulimi wake nyuma ya meno, mahali ambapo nimekuwa nikimwambia auweke tangu tulipokuwa wasichana, na akalitamka neno bila kosa lolote.

"Imelegea, dada. L. Kulegea."

Akachukua simu yake mwenyewe akaanza kuufuta ule ujumbe. Hakuufuta wote mara moja. Aliufuta herufi moja moja, kidole kikigonga kioo, nami nikisikia kila herufi ikigongwa. Alipomaliza akarudi kwenye simu yangu.

"Mama, nisikie. Sisi si watu wa daktari wa Eldoret. Huyu dada yangu alikuja kuuliza tu kama mashine ni nzuri. Sina dawa ya kuirudisha hiyo ngozi, sitakudanganya. Lakini nataka nikuone. Uje, ama mimi nitakuja kwako."

Magunia yaliendelea kuanguka chini yetu.

"Kwa hivyo hamkutumwa na daktari," alisema Mama Rebeka.

"Hapana, mama," nikasema. Shingo yangu ilikuwa wazi na nilihisi baridi.

"Na kuku wangu ulikula."

"Nilikula, mama."

Alipumua. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka.

"Basi huyo mtamrudisha," alisema. "Huyo anaweza kurudi."